Blanketi la Pili

Basi lilipopita soko, fundi cherehani wa kiti cha nyuma alikuwa ameshaacha kujifanya hasikii. Mbele yake mama mwenye kikapu alikuwa anamfokea abiria wa pembeni, mwanamume wa makamo asiyemjua, kana kwamba yeye ndiye daktari.

"Kaka yangu moyo ulisimama, wakamshtua kwa mashine, ukarudi. Nikashukuru. Kuingia wodini namkuta kalazwa juu ya godoro la maji baridi, hajitambui, mwili kama barafu. Nikamfunika blanketi. Nesi akalivuta, akanitoa nje mbele za watu."

"Wanalinda ubongo, dada," yule mwanamume akasema taratibu. "Moyo ukisimama, ubongo unaumia. Ile baridi inaupumzisha. Hawakukueleza?"

"Walinieleza nikiwa nalia. Mtu analia, unamweleza nini akasikia?"

Fundi, ambaye tangu mwanzo alikuwa upande wa nesi, akajikuta hana upande.

"Lakini ukimfunika unawaharibia kazi," yule mwanamume akasema.

"Na akifa? Atakuwa amekufa anatetemeka, na mimi dada yake nimekaa kwenye benchi namwangalia. Tumelelewa chini ya blanketi moja sisi."

Basi likasimama kwenye geti la hospitali. Mama akainuka, kikapu kifuani. Macho ya fundi hayapitwi na kitambaa: kikapuni, chini ya chupa ya chai, yaliona pindo la blanketi jipya. Yule mwanamume naye aliliona. Alipofungua mdomo, mama alikuwa ameshashuka na mlango umefungwa.