Kipande Chenye Kasoro

— Nani kati yenu kachukua kidude changu?

Efrazia alilirusha swali hata kabla ya kuamkia, na benchi zima mbele ya karakana, pale Katesh, likamgeukia. Jana yake alasiri alikuwa amewaonyesha kipande cha silikoni, duara jembamba linalong'aa kama kioo, upana wake kama mdomo wa kikombe. Mvua ikawatawanya. Asubuhi alikikuta kijisanduku cha kukihifadhia chini ya benchi, kitupu. Alikuwa amepita nyumbani kwa arusi ya dada yake tu. Alhamisi anarudi Ulaya, ambako amepangiwa zamu ya siku mbili kwenye mashine kubwa ya vipimo. Zamu nyingine ni mwakani, kama ipo. Bila kile kipande, shahada yake ilikuwa inaning'inia hewani.

— Shikamoo zimeisha huko Ulaya? aliuliza Halfani, muuza kahawa, akisuuza vikombe.

— Shikamooni. Nani kakichukua?

— Marahaba, mwanangu. Sasa tuulizane taratibu. Kina kazi gani hasa?

Nicodemo, karani wa mizani kwenye shamba la ngano la serikali, aliyeitwa Waziri kwa sababu hajawahi kutamka "sijui", akakohoa.

— Jana alieleza vizuri tu. Wanakipiga muoni. Muoni ni dawa ya magugu, tuliletewa semina.

— Si dawa, mzee. Ni chembe.

— Ya dawa.

— Ndogo kuliko atomu! Haidrojeni ikiingia kwenye silikoni inabadilisha namna umeme unavyopita. Hiyo ndiyo kasoro. Sasa inajificha, hatuioni. Kwa hiyo tunaingiza muoni, mwepesi zaidi, lakini humo ndani anaishi kama haidrojeni. Tunamfuatilia yeye.

— Si nimesema? Mu-oni. Mwenye kuona. Kiswahili kitupu, wazungu wametuibia.

— Anakaa humo muda gani? Halfani akauliza.

— Kama sehemu mbili kati ya milioni za sekunde moja. Anazunguka kama pia ya watoto kwenye sumaku, halafu anakufa. Akifa anatoa chembe nyingine, na upande inakorukia unatuonyesha alikuwa ameelekea wapi.

Halfani akaacha kusuuza.

— Yaani anajifanya mwenyeji, anaingia kimya, anachungulia, anatoa taarifa, anapotea?

— Ee... ndiyo.

— Huyo ni mtu wa usalama.

Efrazia alikuwa ametafuta maelezo mafupi ya kazi yake kwa miaka mitatu. Alichukia kuyapata hapo.

— Ndiyo maana kimeibwa! Waziri akashusha sauti. Ukikifukia chini ya mizani kinajua gunia lipi limepungua. Kinahesabu ngano ikiwa bado shambani. Hata ya mwaka kesho!

— Karani wa mizani si wewe? Unahofu nini?

— Mimi naongea kinadharia, Halfani.

Efrazia akaketi. Hasira ilikuwa imeanza kugeuka machozi, na hakutaka Waziri awe na nadharia kuhusu hayo pia.

— Wazee wangu, sitamshtaki mtu. Nilikaa miezi mitano nikitia kasoro kwenye kile kipande, kwa vipimo. Kikipata moto mkali tu, haidrojeni yote inatoka, nami sina cha kupima.

Mwisho wa benchi, Gidamis akaweka kikombe chini. Huyu ndiye fundi wa kombaini za kuvunia ngano, walimwita Spana, na hakuruhusu mashine itoke karakana ikiwa na mlio hata mmoja usiofaa.

— Ulizitia wewe mwenyewe?

— Nini?

— Kasoro.

— Ndiyo, kaka Gidamis. Hizo ndizo ninazozisomea.

Gidamis akatoa kitambaa kwenye ovaroli, akakifungua gotini. Duara lilikuwa zima. Mng'ao wake umefifia, na ukingoni lina rangi ya moshi.

— Jana ulisema kina kasoro. Nikaona aibu, mtoto wa kwetu apeleke kitu kibovu ugenini. Nimekisugua kwa dawa ya kusagia valvu za injini. Halafu nikakichoma kwa gesi ya kulehemu, polepole, mpaka kikawa chekundu. Akalifuta duara kwa kidole gumba, bila kumtazama. Nimezitoa zote, dada yangu.