Mbwa wa Marehemu na Paka wa Mke

Kijiwe chenyewe ni mlango. Mlango mzima wa mbao, uliolazwa juu ya matofali kati ya kinyozi na fundi viatu, na tundu la kitasa bado lipo pembeni, kwa hiyo anayekuja wa mwisho ndiye hukalia tundu. Aliuleta Kufuli, fundi wa vitasa na funguo, mtu wa hasira za karibu na maneno yaliyonyooka. Kazi yake hakufundishwa na mtu. Alivunja kufuli zote za kwao mpaka akazielewa, na fimbo alizochapwa ndizo zilizokuwa ada ya shule. Siku hiyo alifika mwisho, akakalia tundu bila kulalamika, na wenzake wakajua kuna jambo.

— Haya, lete, akasema Redio. Redio ni kinyozi; hunyoa kwa mkono na kutangaza kwa mdomo, na mkono ndio huchoka kwanza.

— Nimeleta mbwa nyumbani.

— Wa kununua?

— Wa marehemu kaka. Amebaki peke yake kwenye ile nyumba, analala juu ya viatu vya bwana wake. Nimwache?

Hakuna aliyesema amwache. Mama Birika, muuza kahawa, akammiminia kikombe na kukijaza mpaka ukingoni.

— Na shemeji ana paka wawili, akasema Hakimu, fundi viatu, ambaye hukata kesi hata asiyopelekewa.

— Ndiyo shida yenyewe. Yule dume hana neno, ameshakula chakula cha mbwa na kulala. Taabu ni yule jike mzee, aliyeingia kwangu pamoja na mke wangu siku ya ndoa. Tangu jana yuko juu ya kabati, amevimba kama mto.

— Shemeji anasemaje?

— Amesema paka wake akilala nje usiku mmoja, mbwa anaondoka asubuhi. Na yule hasemi mara mbili.

— Mbwa aende wapi?

Kufuli akapuliza kahawa. Kaka yake hakuacha mtu mwingine.

Hakimu akaweka kiatu chini.

— Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.

— Mbwa alime?

— Apewe kazi. Paka akimwona anahangaika, atamheshimu. Mbwa asiye na kazi ni kama shemeji aliyekuja kutembea akanogewa: kila akila, watu wanamtazama mkono.

— Wewe gundi ya viatu imekupanda kichwani, akasema Redio. Tatizo ni mkia. Mbwa akifurahi, anatikisa mkia. Paka akikasirika, naye anatikisa mkia. Sasa mbwa anaingia, anasalimia kwa moyo mweupe, mwenzake anaona katukanwa.

Kufuli aliona hapo pana akili, na kilichomuudhi ni kwamba imetoka kwa Redio.

— Kwa hiyo nifanye nini?

— Mfunge mkia. Kwa kitambaa laini tu, mpaka wazoeane.

— Nikufunge wewe mdomo kwanza, tuone kama utazoeana na mtu.

Mama Birika akacheka puani.

— Mkia ni dalili, akasema Hakimu. Ugonjwa ni harufu. Chukua mafuta anayojipaka shemeji, mpake mbwa. Paka akinusa atasema, kumbe huyu ni ndugu wa mama. Damu nzito kuliko maji.

— Mafuta si damu.

— Ni mazito kuliko maji vilevile?

— Mazito.

— Basi.

Redio hakukubali kushindwa kwa mafuta.

— Ukishampaka, mrekodi paka kwenye simu, na kila mbwa akila umpigie sauti ile. Samaki mkunje angali mbichi. Mwishowe mbwa atajijua ni paka, na kesi imekwisha. Una paka watatu.

— Na mwizi akija? akauliza Mama Birika.

— Atamlilia nyau, kwa lile besi la mbwa. Utabaki hapo wewe?

— Jamani, hii wala si kesi ya wanyama, Hakimu akasema. Mbwa ni wa upande wa mume, paka ni wa upande wa mke. Hao ni wakwe. Waketishwe, kila mmoja na msemaji wake, waombane radhi.

— Nani atamsemea mbwa?

— Mimi.

— Basi ameshafukuzwa, akasema Redio.

Kufuli akagonga mlango waliokalia kwa kiganja, vikombe vikaruka.

— Mnapiga kelele bure. Mimi nimeshamaliza kazi. Mke wangu kasema paka asilale nje, sivyo? Hatalala. Dirisha la jikoni nimelipigilia ubao. Tundu la hewa, nimetia waya. Chini ya mlango, mpira. Mlango wenyewe una kitasa kipya, nimekifunga leo kwa mkono wangu. Hata mende akitaka kutoka, ataniomba ufunguo. Wote wako ndani, watazoeana watake wasitake.

— Penye nia pana njia, akampongeza Hakimu.

Hapo pembeni alikuwa amesimama mwanamke aliyekuja na ufunguo uliokatika, akisubiri wamalize. Hakuna aliyejua amefika saa ngapi.

— Samahani, fundi, akasema. Huyo paka mzee akiogopa, akimbilie wapi?

Hakimu akakiokota kile kiatu, akakitazama soli kama jibu limeshonewa humo. Kufuli alizungusha nyumba nzima kichwani mwake, dirisha kwa dirisha, tundu kwa tundu, na kila alipofika alikuta kazi yake mwenyewe, safi, haina dosari.

Akaweka kikombe chini kabla hakijaisha.

— Dada, niachie huo ufunguo kwa Mama Birika.

Akaenda kwa mwendo wa mtu asiyetaka kuonekana anakimbia.

Nyumbani kulikuwa kimya. Mbwa alikuwa amelala nyuma ya mlango, puani ana mkwaruzo unaovuja damu, na mkia wake ukapiga sakafu taratibu. Dume amelala sahanini. Yule jike mzee alikuwa bado juu ya kabati, anapumua kwa mdomo, pazia limechanika tangu juu hadi chini. Kufuli hakumgusa yeyote. Alikwenda jikoni, akang'oa ubao wa dirisha, msumari kwa msumari, akakaa chini karibu na mbwa akamshika shingo.

Mkewe aliporudi kutoka kiwandani, jua likizama, alianza kutazama pazia, akafuata pua ya mbwa, kisha juu ya kabati palipokuwa patupu.

— Paka wangu yuko wapi?

Kufuli hakuzoea kuficha neno. Akaelekeza kidole jikoni. Paka alikuwa amejilaza dirishani, nusu huku, nusu kule, amefumba macho.

— Nimemfungulia mimi. Huyo amelala nje au ndani, sema wewe.

Mkewe akasogea dirishani. Mbwa akanyanyua sikio, akalishusha.

— Mkia uko nje, akasema mkewe, akavua viatu. Lakini tutahesabu kichwa.