Sindano ya Lynnet

Kwenye feri ya kutoka Mbita, mwanamume mwenye koti alimwambia mama muuza omena, wale dagaa wa ziwani, aliyeketi kando yake kwamba yeye ni mtafiti, na kwamba ujana wake wote uliishia kwenye chanjo ya malaria. Alisema kama mtu anayengoja kupongezwa.

“Lynnet wangu alikuwa kwa hiyo utafiti yenu,” mama akasema. “Alidungwa chanjo, ama ile sindano ingine isiyo na chanjo?”

“Wakati huo hata sisi hatukujua, mama. Utafiti huwa hivyo.”

“Malaria ilimuua. Nyinyi mlikuja kujua lini?”

“Baadaye, tulipomaliza.”

“Na mbona hamkurudi kuniambia?”

Feri ikagonga gati. Mtafiti alimtwika mama beseni lake la omena kwa uangalifu mkubwa, akaliachia, na mikono yake ikabaki juu.