Tabea Yona Akyoo na Viti Vilivyotazama Shamba

Tabea Yona Akyoo, tunayemsindikiza leo, alizaliwa hapa Akheri tarehe 3 Machi 1955, mtoto wa kwanza wa Mzee Yona na marehemu Mama Elinipa. Alisoma shule ya msingi papa hapa, kisha chuo cha ualimu, akahitimu mwaka 1976 na kupangiwa kufundisha shule ya Daraja Mbili, mjini Arusha.

Tarehe 14 Juni 1980 alifunga ndoa na Dismasi, fundi seremala. Shemeji yetu huyu mpaka leo hawezi kuwaeleza wageni kazi ya mkewe, lakini hakuna kitu alichoombwa kubeba akauliza cha nini.

Biashara ilipofunguliwa na maduka ya watalii kuchipuka kila kona ya Arusha, Tabea aliacha ualimu, mwaka 1989, akawachorea tembo na simba. Tembo walisomesha watoto, na hakuwaonea haya. Ila kazi aliyoipenda ilikuwa nyingine: kuchukua kitu cha kawaida, kukibadilishia mahali, na kuwaacha watu wakitazame. Ukimuuliza, “Umechora nini?” anakujibu, “Sijachora. Nimehamisha.”

Mwaka 1994, bei ya kahawa ilipokuwa imewachosha wakulima, Mzee Yona aling'oa mibuni ya baba yake apande nyanya. Tabea akaazima viti vya akina mama wa usharika, vile vya misiba, akavipanga kutazama shamba lililong'olewa. Akina mama wakapita, wakaona viti, wakarudi na ndizi, sukari na kuni.

“Pole mwanangu. Nani ametutoka?”

“Shikamooni mama zangu. Kaeni kwanza.”

Wakakaa, wakatazama. Mmoja akasema, “Kumbe ni kahawa,” akalia, na wote wakaanza kusimulia ilivyowajengea nyumba na kuwasomeshea watoto. Mzee Yona alikataa kukaa. “Huu ni uchuro! Viti vya msiba haviwekwi kabla ya msiba.”

“Baba, msiba ulikuwapo. Tulikuwa hatujaletewa viti tu.”

Baadaye viti vilevile vilionyeshwa kwenye ukumbi mmoja mjini. Watu walivizunguka mikono nyuma, na mlinzi akamkataza mama mjamzito kukaa. Tabea alirudi akicheka mpaka machozi. “Onyesho si viti,” alisema. “Ni mahali, na watu waliokuja na ndizi zao.” Mialiko ilimfuata kutoka Dar es Salaam na Nairobi, na sisi nduguze tulitembea vifua mbele.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 1997. Wapo walionong'ona kuhusu uchuro ule, na maneno yalimfikia. Lakini kilichomuuma zaidi ni kwamba baba yake hakuwahi kuketi kwenye onyesho lake hata moja. Alilazwa hospitalini tarehe 9 Mei 1998, akafariki alfajiri ya Jumanne, tarehe 12.

Ameacha baba, mume, watoto wawili, Evaresta na Lemayian, na mdogo wake Elifuraha, msomaji wa wasifu huu.

Alhamisi vijana walipanga viti hivi kuelekea nyumba, kama ilivyo desturi. Mzee Yona akatoka na fimbo yake. “Vigeuzeni. Tabea alishatuonyesha namna vinavyokaa.” Vilipogeuzwa kutazama shamba, akachagua kimoja cha mbele, akaketi. Hadi tunasoma haya, hajakiachia.

Pumzika kwa amani, Tabea. Baba amekaa.