Firigisi ya Mama Tryphosa

Mama Tryphosa Nanzala, binti wa Mzee Wamalwa, alizaliwa Kimilili mwaka wa 1911. Alisoma misheni miaka miwili, akatoka anajua kusoma Injili na kushona, lakini kunong'ona kulimshinda. Kanisani akimwambia jirani jambo la siri, mhubiri alinyamaza kwanza amalize.

Mwaka wa 1930 alifunga ndoa na Nicanor Wangila, mwendesha maksai katika shamba la mzungu karibu na Sugoi. Mungu akawajalia Rael, kisha Kituyi.

Yanayofuata yanasomwa kwa sababu Rael mwenyewe ameomba. Mwaka wa 1942, akiwa na miaka kumi, alimwambia mamake kwamba nyapara wa shamba, binamu wa babake, alikuwa akimnajisi. Siku hiyo Mama Tryphosa alinong'ona: "Nimekuamini, mwanangu. Kosa si lako. Hatakugusa tena." Tangu hapo wakawa chanda na pete, mtoni, shambani, hata njia ya shule.

Wazee wa ukoo wakaja na nyapara wao kuyamaliza. Kwa desturi, mkishakula kuku pamoja neno limekwisha, na firigisi ni ya mwanamume mkubwa.

"Mama Rael, haya ni mambo ya nyumbani," mmoja alisema. "Yakitoka nje, mtafukuzwa hapa."

Mama Tryphosa alipika kuku. Akawapita wazee wote na sahani, akaiweka mbele ya Rael, firigisi juu. Siku hizo mwanamke wa kwetu hakuonja kuku, sembuse mtoto wa kike.

"Mgeni wangu leo ni huyu," alisema, na shamba zima likasikia. "Ameniletea neno zito kuliko lenu. Nyinyi mkale kwenu."

Mzee Wangila alisogea karibu na Rael. Kisha akammegea binti yake ugali.

Na kweli walifukuzwa. Walihamia mjini Eldoret, Mzee akapata kazi ya reli, Mama akauza uji sokoni. Alisimama kortini akasema yote, na nyapara akafungwa. Rael alikuwa bado akishtuka usingizini, na mamake alilala kando yake mpaka usingizi ukarudi. Leo Rael ni mwalimu, na anacheka kwa sauti ya mamake.

Nyumbani kwao firigisi ikawa ya mtoto mwenye neno gumu la kusema. Watoto wa jirani walijua, wakaja, wakasikilizwa. Kituyi naye alibuni maneno magumu kila Jumapili mpaka akashtukiwa.

Mama aliugua kifua kuanzia mwaka jana. Alifariki tarehe 9 Juni 1957, Rael akiwa amemshika mkono. Tumeumia sana.

Ameacha mumewe, Rael, Kituyi, na wajukuu wanne, mdogo wao akiitwa Nanzala. Mzee Wangila anawaambia watoto wote waliopo: leo kuku watapikwa, na firigisi ataiweka kando kwa mkono wake. Mwenye neno aje.

Pumzika kwa amani, Mama. Tunasikiliza.