Baba wa Kwenye Runinga

Fundi cherehani alikuwa kwenye treni ya asubuhi, furushi la sare za shule mapajani, wala hakukusudia kusikiliza ya watu. Lakini mama wa makamo aliyekaa mbele yake alikuwa na sauti isiyohitaji kutegewa sikio.

"Samahani, kaka. Si wewe yule baba wa kwenye mjadala wa runinga? Uliyesema unampiga risasi bintiyo?"

Mwanamume aliyekaa kando ya mama huyo akashusha pumzi. "Kwenye mchezo wa video, dada. Nilizungumza nusu saa nzima. Wakarusha hewani maneno hayo tu, wakayawekea na mlio wa king'ora."

"Hata hivyo! Mtoto wa miaka kumi na bunduki?"

"Anaishi na mama yake, ng'ambo. Tulikuwa tukicheza kila Jumamosi, yeye kule, mimi huku. Mama yake alipokiona kile kipindi mtandaoni, akaufuta mchezo."

"Si umpigie simu?"

"Nampigia. Kwenye simu ni shikamoo, nzuri, haya kwaheri. Kule mchezoni, tukikimbizana, ndiko alikonihadithia kwamba darasani hana rafiki."

Mama akashusha sauti, jambo ambalo fundi hakulitarajia. Akasema, "Mimi bado nasema bunduki si mchezo."

"Sawa, dada. Ila sasa anamhadithia nani?"

Treni ikasimama. Mama akashuka. Fundi naye akashuka, na kupitia dirishani akamwona yule baba akiweka mkoba wake kwenye kiti alichokiacha yule mama, asikae mwingine.