Mzee Habiyaremye na Bata Wasio na Mwenyewe

Baada ya miaka kumi na sita ya kutunza jengo na uwanja wa nyumba yetu ya wazee hapa Richfield, Mzee Habiyaremye anastaafu leo, Ijumaa, tarehe 18 Desemba 2015. Barua yake ya kustaafu ilisema 30 Novemba. Aliomba asogezewe siku mpaka bwawa letu ligande, na sababu tutaifikia.

Alitoka Masisi, Kongo, akaanza kazi mwaka 1999. Novemba ya mwaka huo huo aliona bata bwawani kwenye baridi kali, akaamini kuna mtu amesahau kufungia mifugo yake. Akabisha hodi nyumba kumi na moja akimtafuta mwenyewe. Jirani wa mwisho akaita polisi, na polisi, akijizuia kucheka, akamweleza kwamba hao ni ndege wa porini. Mzee hakushawishika. Akaanza kuwahesabu kila asubuhi, ili mwenyewe akitokea asije akasema Mkongo amemla mmoja.

Hesabu aliiandika kwa chaki kwenye ubao wa chumba cha kulia. Mabomba aliziba, theluji alizoa, na sisi wa jikoni alitugombeza kwa kuwatupia bata mikate. Lakini wakazi walimjua kwa ule ubao.

Bibi Dinah wa chumba namba tisa, baada ya kufiwa na mumewe, alikuwa haliachi godoro hata kwa chakula. Siku moja alitoka, kisa tu kubisha kwamba bata ni kumi na tisa, si kumi na saba. Kwa miaka mitatu wamebishana dirishani kila asubuhi, kisha bibi anakaa, anakula. Aliposikia Mzee anastaafu, akarudi kitandani. Ndipo Mzee akaomba siku zaidi, akawa anampelekea hesabu hadi mlangoni. Hakujibiwa hata mara moja. Nasema wazi, tuliogopa.

Leo asubuhi bwawa limeganda lote, na bata wote wamehama. Mzee alikuja na chaki yake kuandika sifuri, akakuta imeshaandikwa, mwandiko umepinda. Bibi Dinah alikuwa dirishani, koti limefungwa hadi kidevuni, anakula uji. Chini ya sifuri alikuwa ameandika kwamba bata wakirudi Machi atawahesabu yeye, na atahitaji mtu wa kubishana naye.

Asante sana, Mzee wetu. Ulale mpaka uchoke kulala, na goti lako lipone. Machi upitie mlango wa jikoni. Chai yako itakuwepo, na kiti chako dirishani Bibi Dinah ameshakushikia.

Atieno, jikoni